Mfarishi wa Kwanza Usomwe Mgongoni

Mtu wa kawaida akionyeshwa mfarishi wa viraka husifu rangi. Fundi huugeuza. Uso wake unaweza kupendeza hata kazi ikiwa mbovu, maana kitenge kina maua na michoro mingi kiasi kwamba mshono uliokwenda upande haujulikani. Mgongoni hakuna pa kujificha. Ni kitambaa cha rangi moja na njia za uzi, basi. Ndivyo nilivyoukagua mfarishi wa kwanza wa wifi yangu wa Lushoto, ambako Julai blanketi moja halikutoshi, kabla hajaanza wa pili. Yeye alitaka nimtafutie mtindo mpya, wa nyota. Kwa maoni yangu mtindo aliotumia hauna kasoro yoyote. Kilichomwangusha ni vipimo na mpangilio wa kazi.

Mfarishi wenyewe ni wa miraba mitupu. Kila kiraka kilikatwa sentimita 12 kwa 12, viraka 12 kwa upana na 15 kwa urefu, mabaki ya kitenge yaliyochanganywa na kanga. Tumboni kuna blanketi kuukuu la poliesta, mgongoni shuka jeupe, pembeni ukanda wa kitenge cha bluu. Umeshonwa kwa cherehani ya kukanyaga. Hakuna kigumu hapo, na ndiyo sababu kila kosa linaonekana lilikotoka.

Nianze na nafasi ya mshono, maana hapo ndipo mengi yanapozaliwa. Alikusudia kuacha milimita 6. Ukiacha milimita 6 kila upande, mraba wa sentimita 12 unabaki 10.8 ukishashonwa. Nilipofunua ncha ya ukanda nikapima, safu moja ilikuwa na milimita 6 kweli, iliyofuata ilikaribia 8. Milimita 2 ni unene wa sarafu, nani atazijali? Lakini kila mshono unakula pande mbili, kwa hiyo zinakuwa 4, na safu ya viraka 12 ina mishono 11. Jumla ni sentimita 4.4. Safu mbili zilizokatwa sawasawa zilitoka mezani zikiwa zimepishana kwa upana wa vidole viwili, naye akazilinganisha kwa kuivuta ile fupi. Mahali alipovuta ndipo panapofura leo.

Dawa yake ni ya bei ya bure. Kanda nene ya gundi, tabaka tatu nne, hubandikwa juu ya bamba la cherehani milimita 6 kutoka kwenye sindano, ikafanya ukuta. Ukingo wa kitambaa ukiparaza ukuta huo, mkono hauna la kuamua. Mafundi wengi hufuata ukingo wa mguu wa cherehani, na kwa gauni inafaa, maana gauni lina mishono michache na mwili unasamehe. Mfarishi hausamehi. Halafu kila safu ipimwe kabla haijaunganishwa na jirani yake. Iliyozidi au kupungua zaidi ya milimita 3 ifumuliwe palepale, ingali safu moja.

Kosa la pili linatoka kwenye mkasi. Mabaki ya fundi huja na maumbo ya ajabu, kwapa la gauni huku, pembe ya sketi kule, na mtu akitaka kutoa viraka vingi iwezekanavyo huvipindua kila upande. Kitambaa kilichofumwa kina mtande na mshindio. Kwenye mtande hakivutiki, kwenye mshindio kinavutika kidogo, lakini kwenye mshazari kinanyooka mpaka kinapoteza umbo. Baadhi ya viraka vyake vilikatwa mshazari bila yeye kujua. Vikapita kwenye cherehani, vikapigwa pasi ya kuburuta, vikatoka si miraba tena. Kiraka hujaribiwa kwa kukivuta kwa vidole viwili pande zote nne: kikirefuka, kigeuzwe au kiachwe. Na pasi kwenye viraka hunyanyuliwa na kukandamizwa, haiburutwi. Kwa sababu hiyohiyo nyota nimemwambia isubiri. Nyota ya pembe nane ina almasi nane zenye kingo za mshazari, na zote zinakutana kwenye nukta moja katikati.

Pasi ina kazi nyingine ambayo watu huiruka. Katika mfarishi huu nafasi za mishono zimelazwa ovyo, hivyo pembe nne zinapokutana kuna kidonge kigumu unachokihisi kwa kiganja. Safu ya kwanza ingelazwa mishono yote kulia, ya pili yote kushoto, na kuendelea hivyo. Safu mbili zikiwekwa uso kwa uso, kingo hizo hujifungia zenyewe na pembe hukutana hata kabla ya pini. Sijui mbinu nyingine katika kazi hii inayolipa haraka hivyo.

Kuhusu kuchanganya kanga na kitenge, sina ugomvi nako ila kwa sharti moja: vyote vifuliwe na kukaushwa kabla ya mkasi. Kanga ni nyepesi na hurudi kwa namna yake. Nyekundu yake nayo inaweza kuchuja juu ya shuka jeupe, na hapa imechuja. Wanaoloweka kwenye chumvi waendelee kama inawafariji, lakini chumvi haifungi rangi kwenye kitambaa ambacho tayari kimetiwa rangi. Kinachosaidia ni kukifua peke yake hadi maji yatoke meupe.

Sasa mgongo wenyewe. Shuka limejikunja kwenye mistari karibu yote, na mikunjo inaelekea upande mmoja. Meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini huku mguu ukikisukuma cha juu, na tabaka tatu zisizofungwa pamoja zitapishana tu. Yeye alitumia pini chache pembeni. Kinachotakiwa ni kulitandaza shuka sakafuni likiwa limekazwa, blanketi juu yake, uso juu ya vyote, kisha kupiga bandi kwa mkono kuanzia katikati kwenda nje, mistari isiyoachana zaidi ya upana wa kiganja. Kazi hiyo inachosha magoti na haionekani mwishoni, maana bandi zote hufumuliwa. Ndiyo maana wanaoanza huiruka.

Wapo waliolikwepa tatizo hili lote kwa kushona kwa njia nyingine kabisa. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao asili ya wazee wao ni Afrika, pamoja na pwani yetu hii, na wengi walifikishwa huko utumwani kupitia Goa ya Wareno, hutengeneza mfarishi uitwao kawandi. Mwanamke hutandaza sari kuukuu, akaanza pembeni, akazunguka kuelekea katikati. Kila kiraka hukunjwa ukingo kikalazwa mahali pake, na mishono ya mkono inayokishika kiraka ndiyo hiyohiyo inayofunga tabaka zote. Hakuna safu ya kulinganishwa na safu, kwa hiyo kosa halijumliki: kiraka kinachofuata hukatwa kuziba nafasi iliyopo. Kwenye pembe humalizia kwa viraka vya pembetatu viitwavyo phula, yaani maua, na kwao mfarishi usio na phula ni kama uko uchi. Anayetaka kutumia mabaki yenye maumbo ya ajabu bila kupoteza hata ncha, nampa njia hiyo kabla ya miraba. Wifi yangu ameikataa. Anasema kushona kwa mkono mfarishi mzima ni adhabu, naye ana cherehani.

Limebaki lile aliloliuliza mwenyewe: “Wifi, mbona pembeni panapiga mawimbi hata nikipiga pasi?” Pasi haina hatia. Aliushona ukanda wa bluu kutoka pembe moja, akaenda nao, alipofika mwisho akakata uliozidi. Ukingo wa mfarishi ulikuwa umeshanyooka kwa kushikwa na kuvutwa, ukanda ukafuata urefu huo wa uongo. Nilipopima, pembeni pamezidi katikati kwa sentimita 3 na ushee. Hilo ndilo pekee ninalomshauri kulifumua kwenye mfarishi huu, maana ukanda unatoka bila kugusa miraba. Mfarishi utandazwe, upimwe urefu katikati na robo ya kila upande, ukanda mpya ukatwe kwa wastani wa vipimo hivyo vitatu. Ushikizwe pini kwanza kwenye ncha mbili, kisha katikati, kisha katikati ya hizo. Ukingo uliozidi ulazwe chini, upande wa meno, ushonwe taratibu, nayo meno yataumeza.