Majuto Kabla Hajasema

Wazee wa Mungaa, wilayani Ikungi, waliolelewa kwa Kinyaturu, ambao Kiswahili chao ni cha mnadani, humcheka mchekeshaji King Majuto sawasawa na Mtanga wa kuzaliwa. Kwenye vibanda vya video, wakiwa wameuza alizeti yao, huangua kicheko kabla hajafungua mdomo. Mchekeshaji wa maneno matupu asingefika huku Ikungi.

Jina lake hasa ni Amri Athumani, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kuigiza akiwa mtoto, mwaka 1958, akapita jukwaani, kwenye kaseti, mikanda ya video, televisheni na DVD, mpaka alipofariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili, Agosti 8, 2018. Alicheza watu tunaoishi nao: baba mkwe mroho, bahili, mzee mkware. Mara nyingi kisa kilikuwa cha vijana wanaopendana, naye anaingia kuwavuruga.

Marekani walikuwa na Walter Brennan, aliyepata Oscar 3 za mwigizaji msaidizi kwa filamu za 1936, 1938 na 1940, akijulikana kwa kucheza wazee hata kabla uzee haujamfika. Ila Brennan aliandikiwa maneno yake. Filamu nyingi za vichekesho za Bongo humpa mwigizaji kisa tu. La kusema atalijua mwenyewe kamera ikishawaka. Wengi hapo huingiwa na woga, wakajaza nafasi kwa kelele. Majuto alitulia.

Mtazame anavyopokea habari mbaya. Tuseme ameambiwa mgeni atakaa mwezi mzima. Hajibu. Macho yanaganda kwanza, halafu shingo inageuka taratibu, kama anayetafuta shahidi. Mkono unapanda kwenye kofia, unaisogeza, unairudisha palepale. Anampima mgeni kuanzia miguuni hadi utosini, anaangalia na begi lake. Ndipo linamtoka swali moja dogo, kwa lafudhi ile ya Kitanga, na kibanda kizima kinalipuka. Swali lenyewe ukilisimulia nyumbani halichekeshi mtu. Watu wamecheka hesabu iliyokuwa ikipigwa usoni: unga, sukari, kitanda.

Tena mzee wake hajui kwamba anachekesha. Mkware wa Majuto akichomekea shati kwenda kumtongoza binti wa watu, anaamini kabisa kwamba amependeza. Hamkonyezi mtazamaji kumwambia "huu ni mchezo". Ndiyo maana baba mwenye tabia hizo akikaa benchi la nyuma hucheka kwa tahadhari.

Na alijua kumpisha mwenzake. Akicheza na chipukizi, humtupia swali la kipuuzi ili jibu la kuchekesha litoke kwa yule kijana, yeye abaki na kazi ya kushangaa. Kushangaa kwa namna hiyo, bila kumfunika mwenzako, ni kazi ngumu kuliko kusema.

Jasho hilo halikumlipa ipasavyo. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, malalamiko kuhusu mikataba yake ya filamu yalifika hadi kwa waziri wa sanaa.

Siku hizi kila kijana mwenye simu ni mchekeshaji, na wengi wamerithi kwake msuli, kofia na lafudhi. Anayetaka kuirithi kazi yenyewe azime sauti ya filamu moja ya Majuto, aitazame mpaka mwisho. Atacheka, kisha ajiulize amechekeshwa na nini.