Ubao Mpya wa Mawimbi ya Wima: Nimeupanda, Nimeupenda!

Jamani, ubao huu! Kama unapenda mawimbi yanayosimama wima kama ukuta na kujikunja ghafla, anza kuweka akiba leo. Nimeupokea kwa fundi wake hapa Durban, Afrika Kusini, ukiwa bado unanukia resini. Nikaupaka nta, na alfajiri iliyofuata nikaingia nao baharini kwenye ufukwe wa New Pier. Nimetoka majini na neno moja kwa wapenzi wenzangu wa mchezo wa kuteleza kwenye mawimbi: kwa mawimbi makali, tuache kukimbilia ubao mfupi. Inchi chache za ziada, zikiwekwa panapostahili, zinabadilisha kila kitu, tangu unavyolipata wimbi hadi unavyosimama.

Tuanze na vipimo. Urefu ni futi 6 na inchi 4, upana inchi 18 na robo tatu, unene inchi 2 na nusu, ujazo lita 30. Mtu wa kilo 75 ambaye siku za kawaida hutumia futi 5 na inchi 10 zenye lita 28 ataona huu ni mrefu mno kwake. Atulie, aangalie vizuri. Ujazo umeongezeka kwa lita mbili tu. Kilichoongezeka hasa ni urefu, na urefu ndio unaokupa mwendo unapopiga mikono kulifuata wimbi. Wimbi la wima halimsubiri mtu, kwa hiyo mwenye mwendo mapema ndiye anayelipata likiwa bado na mteremko wa kumruhusu asimame kwa nafasi.

Sasa ulaze kifudifudi uutazame kwa ubavu. Hapo ndipo moyo wangu uliporuka! Pua imeinuka, mkia nao umeinuka kidogo, na katikati kuna mpindo mtulivu usiokatika mahali popote. Uso wa wimbi kali nao umepinda. Ukiushukia kwa ubao ulionyooka, pua inatangulia kugusa maji, inajichimbia, nawe unarushwa mbele. Mpindo huu unafuatana na mpindo wa maji, pua inabaki juu.

Pitisha kidole gumba ukingoni, kuanzia kifuani kwenda nyuma. Katikati ukingo ni laini na wa mviringo, haukwaruzi wala haukamati. Ukikaribia mapezi unaanza kubana, na kwenye shubiri ya mwisho unakuwa mkali kabisa, kona unayoisikia kwenye ngozi. Ukali huo, pamoja na mkia mwembamba uliochongoka, ndio unaoshika uso wa wimbi pale ambapo mkia mpana ungeteleza pembeni.

Mapezi ni matatu, na hapa lazima tumtaje Simon Anderson wa Australia. Wakati ubao wa mapezi mawili ulikuwa ndio mtindo, yeye aliongeza la tatu katikati, nyuma ya yale mawili. Mwaka 1981 alishinda mashindano ya Bells Beach kwenye mawimbi makubwa, na mwaka huohuo akashinda yale ya Pipeline kule Hawaii. Pezi lile la tatu ndilo linalozuia mkia usikimbie unaposhuka ukutani, na hadi leo mpangilio wake ndio wa kawaida duniani.

New Pier ndipo mahali pa kuupima ubao wa namna hii. Mchanga hujikusanya kando ya gati na kufanya fungu, na mawimbi ya kusini yanayofika wakati wa baridi, Mei hadi Agosti, yanakutana nalo ghafla. Chini kunakuwa na kina kifupi, miguu ya wimbi inapunguza mwendo, juu bado kunakimbia, ndiyo maana mdomo wake unarushwa mbele. Asubuhi upepo wa nchi kavu unavuma kuelekea baharini na kulishikilia wimbi lisimame zaidi kabla ya kuvunjika. Ni katika mawimbi ya jiji hili ndipo alipokulia Shaun Tomson, bingwa wa dunia wa 1977, mmoja wa watu waliobadilisha namna ya kupita ndani ya wimbi lililojikunja.

Wimbi langu la kwanza, nikapiga mikono, nikahisi mkia unanyanyuka mapema kuliko nilivyozoea. Nikaongeza mikono miwili. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimesimama, ukingo wa kulia umezama kwenye uso wa wimbi, na mbele yangu ukuta wote mweupe kwa jua la asubuhi! Hakuna kutikisika, hakuna mkia kuponyoka. Nilipiga kelele peke yangu.

Lakini ubao unakupa nafasi tu, kuitumia ni kazi yako. Kwanza, ukihisi unanyanyuliwa, usiache kupiga mikono. Ongeza miwili ya nguvu, kidevu karibu na ubao, uzito mbele. Wengi wanasita hapohapo na kuinua kifua, ubao unabaki kileleni, mdomo wa wimbi unawabeba na kuwatupa chini.

Pili, usiiangalie pua wala shimo lililo chini yako. Tazama bega la wimbi, kule unakotaka kwenda, mwili utafuata macho.

Tatu, geuza pua kabla ya kusimama. Ukienda kulia, mkono wa kushoto ndio upige kwa nguvu zaidi mwishoni. Kushuka moja kwa moja kwenye wimbi la wima ni kujitafutia kufukiwa. Kushuka kwa mshazari kunaupa ukingo nafasi ya kushika tangu mwanzo.

Nne, viganja viwe bapa chini ya mbavu, visishike kingo. Sukuma, lete miguu yote miwili kwa mkupuo mmoja bila kupiga goti. Mguu wa mbele utue kati ya viganja, wa nyuma juu ya mapezi, magoti yakunjwe, kifua kiwe chini. Chora mstari mchangani ufanye zoezi hili kila siku kabla ya kuingia, hadi miguu itue palepale bila kuitafuta.

Si ubao wa kila mtu. Anayejifunza aanze na ubao mpana na mrefu zaidi, na siku za mawimbi madogo yaliyolala huu utakuwa mzito kugeuza, kwa hiyo usiuuze ule wa zamani. Lakini kama tayari unasimama bila shida kwenye mawimbi ya kawaida na yale ya wima ndiyo yanayokushinda, nenda kwa fundi wako. Mwambie uzito wako, lita unazotumia sasa, na ufukwe unaoupenda. Mwombe aongeze inchi nne hadi sita, apinde pua, achongoe mkia. Halafu uusubiri msimu wa baridi kwa hamu kama niliyonayo mimi, maana kesho alfajiri narudi tena New Pier!