Albamu ya Kwanza Mbele ya Sikio la Korogwe

Lawama ya kwanza utakayoisikia Korogwe juu ya albamu mpya ya hip hop ya injili ni kwamba haina upako. Ya pili, kwamba vijana wameiga mambo ya dunia. Ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, aghalabu na wazee: hawajaelewa kilichosemwa. Katika uchambuzi huu naishika hiyo ya tatu, kwa sababu naamini ndiyo inayozizaa zile mbili. Mwombe mlalamikaji akutajie mstari uliomkwaza, na mara nyingi hatautaja, kwa kuwa hakuusikia. Alichosikia ni besi na kijana anayefoka, na mtu akisikia mfoko bila maneno, pengo hulijaza mwenyewe kwa hofu alizonazo. Lawama inayovaa joho la kiroho huwa imebeba taarifa ya kiufundi juu ya mizani, miksi na mgawanyo wa sauti. Kundi linaloingia studio kwa mara ya kwanza lina kila sababu ya kuisoma taarifa hiyo kifundi.

Msikilizaji wa huku ni nani? Korogwe ndiko yaliko makao ya Dayosisi ya Tanga ya Kanisa Anglikana, iliyokua kutokana na kazi ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana waliotokea Zanzibar. Ukishika barabara ya Handeni, kilomita 65 za lami, unakutana na Kideleko, misheni nyingine ya zamani ya hao hao. Walutheri wa ukanda huu wako chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki yenye makao Lushoto, na Wapentekoste wapo kila mtaa. Halafu kuna Waislamu, na hapa ndipo wasanii wengi wa injili wanapojisahau. Wimbo ukishaingia kwenye spika ya stendi, saluni au bodaboda, sehemu kubwa ya wanaousikia Handeni ni Waislamu. Nao wana masikio, na wana maoni.

Masikio hayo yamefunzwa. Mwanglikana aliyekulia kwenye Misa za huku anaijua Zaburi inayoghaniwa, pale maneno mengi yanapobebwa na noti moja na sauti ikageuka mwishoni mwa kipande. Aliyepita madrasa anaijua kaswida, dufu likipigwa, mmoja akianza na kundi likipokea, kila herufi ikitoka mahali pake. Na wote wamesoma mashairi darasani, katika mkoa uliomzaa Shaaban Robert, pale Vibambani, mwaka 1909. Kwa hiyo kijana anayesimama madhabahuni na kipaza sauti akidhani anawaletea wazee kitu kigeni kabisa, anakosea. Maneno yanayosemwa kwa mdundo wanayajua tangu utotoni. Kigeni kwao ni maneno yanayosemwa kwa mdundo yasisikike.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo albamu nyingi za kwanza zinapoharibikia.

Chukua biti ya kawaida ya hip hop, mapigo 90 kwa dakika. Baa moja ina mapigo manne, yaani sekunde mbili na theluthi mbili. Ukiigawa baa hiyo katika vipande vidogo ambavyo wachanaji wengi huvitumia, unapata nafasi 16. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, nane na nane. Ndoa hiyo inavutia mno, na kijana aliyelelewa kwenye mashairi huifunga haraka, mshororo mmoja kwa baa moja. Tazama mfano huu niliouunda kwa ajili ya somo: “Nilipotea njiani, ukanirudisha kwako, nikalia jalalani, ukanipa jina lako.” Mizani imetimia, vina vya kati na vya mwisho vimekaa. Ukiuchana mshororo mmoja kwa baa moja, unatamka silabi sita kila sekunde bila kituo hata kimoja. Mdomo unaweza. Sikio la mtu anayemenya machungwa kibarazani haliwezi, na pumzi ya mchanaji nayo inakatika kabla ya ubeti kwisha.

Ukiunyoosha mshororo huo huo kwenye baa mbili, unapata silabi tatu kwa sekunde. Unaeleweka, ila umepoa, unaanza kufanana na mtu anayesoma matangazo kanisani. Mafundi wanapita katikati. Wanabana mizani nane ndani ya mapigo mawili na nusu, kisha wanaacha pigo moja na nusu wazi. Kwa biti ya 90, uwazi huo ni sekunde moja kamili. Ndani yake mchanaji anavuta pumzi, na msikilizaji anapata wasaa wa kuona kwamba aliyekuwa jalalani ndiye aliyepewa jina. Ninaposikia wazee wakiuliza vijana hawa wanakimbizwa na nani, naelewa kwamba wanaidai sekunde hiyo.

Kiswahili kinaleta ugumu wake pia. Wazo moja kwetu linaweza kujaa ndani ya neno moja refu: “ametukomboa” ni silabi sita, “hatutawasahau” ni saba. Mchanaji anayekopa mwendo wa Mmarekani huwa amekopa mwendo wa lugha yenye maneno mengi ya silabi moja. Akishalazimisha maneno yetu humo, mkazo unahama. Sisi mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: wo-KO-vu, nji-A-ni. Katika biti, pigo la pili na la nne ndiyo yenye mlio wa sneya, na silabi inayoangukia hapo husikika kubwa kuliko nyingine zote. Ikianguka KO, neno “wokovu” linasimama. Ikianguka VU, neno linavunjika, na msikilizaji wa Korogwe atasema kijana anachana kizungu ingawa kila neno alilotamka ni la Kiswahili. Amesema kweli, na dawa yake ni kusogeza mstari nafasi ya silabi moja mbele au nyuma. Prodyuza makini huliona hilo kwenye skrini kwa dakika mbili. Wengi hawalitazami kwa sababu kina kimepatikana, basi kazi imekwisha.

Tutoke kwenye daftari twende kwenye spika. Albamu inachanganywa kwa hedifoni au spika safi za studio, kisha inakuja kuishi kwenye sabufa ya duka la vocha na kwenye spika ya simu. Vifaa hivi viwili vinakosea kwa njia zinazopingana. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa besi ya chini, kwa hiyo mdundo wote uliojengwa juu ya besi ya 808 (mashine iliyotoka Japani mwaka 1980 na bado inaitawala hip hop) unapotea, na inabaki sauti kavu juu ya sneya. Sabufa nayo inaipandisha besi mpaka kioo cha kabati kinatetemeka. Sauti ya mwanamume anayeongea huanzia karibu hezi 85 mpaka 180, jirani kabisa na hiyo besi. Uhai wa maneno, yaani herufi kama s, sh, f, t na k, uko juu zaidi, kuanzia hezi 2,000 hadi 8,000. Besi ikivimba, kinachofunikwa kwanza ni kifua cha sauti. Mwenye duka akiongeza volumu ili asikie maneno, anaongeza besi hiyo hiyo.

Dawa zinajulikana na hazina gharama. Kata sehemu ya chini kabisa ya sauti ya mchanaji, kwenye hezi 100 hivi, maana haina neno ndani yake. Punguza ala zinazorundikana kati ya 200 na 400, ambako miksi za chumbani hujaa tope. Ipe besi mlio kidogo wa juu ili hata simu iweze kuionyesha ilipo. Na neno la mwisho la kila mstari, lile lenye kina, lirudiwe na sauti ya pili. Hilo la mwisho ndilo linalodharauliwa zaidi, na ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu ni kazi ile ile ya kundi la kaswida linalompokea kiongozi wake.

Kanisani mambo ni mengine kabisa. Ukumbi wenye kuta za saruji na paa la bati hurudisha sauti. Ukuta ulio mita 17 kutoka kwenye spika unarudisha mwangwi baada ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa mwendo wa silabi sita kwa sekunde, muda huo umekwishakula zaidi ya nusu ya silabi inayofuata, na bado kuna kuta nyingine tatu. Kwaya hainaswi na mtego huu kwa sababu inashikilia irabu ndefu. Mwangwi ukirudi, unakuta irabu ile ile na kuikuza. Rap inaishi kwa konsonanti, na mwangwi unazipaka matope. Halafu watu wanatoka ibadani wakisema kwaya ilikuwa na uwepo wa Mungu na vijana walipiga kelele. Mimi siwezi kupima uwepo wa Mungu, ila mwangwi unapimika, na kundi linaloalikwa kanisani lingefanya vema kuwa na toleo la pili la kila wimbo, lenye biti nyepesi na maneno machache, kwa ajili ya bati.

Faida kubwa ya kuwa kundi ni mgawanyo wa sauti. Marekani, dc Talk walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 1989 wakiwa vijana watatu: Toby McKeehan alichana, Michael Tait na Kevin Max waliimba. Hata aliyeichukia rap aliweza kushikilia kiitikio. The Cross Movement wa Philadelphia, albamu yao “Heaven's Mentality” ya 1997, walikwenda upande mwingine: mafundisho mazito, mistari iliyoshonana, msikilizaji akilazimika kurudia. Njia zote mbili zina heshima yake, lakini ile ya pili inamdai mtu anayesikiliza akiwa ametulia na wimbo ukiwa mkononi mwake. Usikilizaji wa stendi hauna utulivu huo.

Kwa huku, funzo bora zaidi lilitoka Tanga kwenyewe, nje ya kanisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wagosi wa Kaya, yaani Mkoloni na Dr. John, walichana malalamiko ya wananchi kwa lafudhi ya Kitanga isiyojificha. Wimbo wao “Wauguzi” ulieleweka kwa wajukuu na mabibi. Sauti mbili zenye rangi tofauti zilipokezana kama watu wanaosimuliana jambo, biti ikakaa nyuma, na hakuna aliyejaribu kuonyesha kasi. Nashangaa jinsi makundi ya injili ya mkoa huu yasivyourithi ufundi huo. Ushuhuda wa mtu aliyeokoka ni hadithi, na hadithi ya watu wawili wanaopokezana ni rahisi kufuatwa kuliko mahubiri ya watu wanne wanaofoka pamoja.

Kenya wana mfano ninaouheshimu zaidi Afrika Mashariki, ingawa ni wa mtu mmoja. Juliani, mtoto wa Dandora aliyepitia kundi la Ukoo Flani Mau Mau, alitoa “Mtaa Mentality” mwaka 2008, kisha “Pulpit Kwa Street” mwaka 2011. Mara nyingi hatangulizi aya ya Biblia. Anatanguliza mtaa, na imani inachomoza kutoka kwenye picha aliyoichora. Msikilizaji wa Korogwe hukwama kwenye Sheng, na hapo simlaumu. Sheng si lugha yake. Kinachohamishika ni mpangilio: picha kwanza, jina la Yesu baadaye, likija wakati sikio limekwishafunguka. Kundi la huku lingeweza kuanza na mashamba ya mkonge, foleni ya maji Handeni, basi lililoharibikia Segera. Lingeweza hata kuchanganya Kizigua na Kisambaa kwenye kiitikio. X Plastaz wa Arusha walithubutu kuweka uimbaji wa Kimasai ndani ya “Maasai Hip Hop” mwaka 2004, na leo Handeni yenyewe ina Msomera, ambako familia za Wamasai kutoka Ngorongoro zilianza kuhamia mwaka 2022.

Pamoja na kuwatetea wasikilizaji, kuna jambo moja siwafuati. Wanaposema biti yenyewe ni ya shetani, wanaisahau historia ya kwaya zao. Magitaa ya umeme na vinanda vya umeme vilipoingia kwenye kwaya, mwendo ulioshika kaseti za miaka ya 1980 na 1990 ulikuwa jirani sana na wa dansi la baa za wakati ule. Nyimbo hizo leo zinaitwa za zamani zenye upako, na zinapigwa misibani watu wakilia. Kilichozibeba ni maneno yaliyosikika, yakakaririwa, yakaingia kwenye maisha ya watu. Hip hop inastahili kupewa nafasi hiyo hiyo, na inastahili kudaiwa kazi hiyo hiyo.

Kwa kundi lililo studio wakati huu, pendekezo langu ni dogo. Kabla ya kulipia masta, yaani umaliziaji wa mwisho wa sauti, chukueni wimbo mnaotaka uwe wa kwanza, mpelekeeni mwenye sabufa, na mwacheni aweke besi anavyopenda yeye. Simameni ng'ambo ya barabara, pikipiki zikipita, na mwombeni mama anayeuza pale aurudie wimbo huo baada ya kuusikia mara mbili. Akikupeni kiitikio pekee, rudini kwenye daftari mkapunguze maneno. Akikupeni kiitikio na mstari mmoja wa ubeti wa pili, lipieni masta.