Nusu maili kwa wiki: matayarisho ya Terry Fox

Kisa cha Terry Fox husimuliwa kama kisa cha ushujaa. Kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani anavuka nchi kwa mbio, karibu kilomita 42 kwa siku, akichangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo, mpaka ugonjwa unamrudia njiani. Ushujaa ulikuwepo, tena mwingi. Lakini mtu anayejiandaa kwa mbio za hisani, awe Moshi au Nairobi, hawezi kuazima ushujaa wa mwenzake. Anachoweza kuchukua ni namna kazi ilivyopangwa. Sehemu hiyo husimuliwa kwa uchache, ingawa ilikula muda mrefu kuliko mbio zenyewe: miezi 14 ya mazoezi kwa siku 143 za barabarani.

Fox alikatwa mguu wa kulia Machi 1977, sentimita 15 hivi juu ya goti, akiwa na miaka 18. Usiku wa kuamkia upasuaji, kocha wake wa zamani wa mpira wa kikapu alimpa makala kuhusu Dick Traum, Mmarekani aliyekimbia marathoni ya New York ya 1976 kwa mguu bandia. Wazo likaanzia hapo, lakini hakukurupuka. Alipitia kwanza miezi 16 ya tiba ya kemikali, na kabla hajajaribu kukimbia alikuwa ameshaingia kwenye timu ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu, timu iliyotwaa ubingwa wa taifa akiwa mchezaji. Wasimulizi wengi huruka hatua hii. Mtu anayesukuma kiti uwanjani kwa kasi anafanyisha kazi moyo, mapafu, mabega na kifua bila kuutwisha mzigo mguu uliobaki. Kwa hiyo Fox alipoanza kukimbia, pumzi alikuwa nayo. Alichokosa ni miguu.

Mazoezi yalianza Februari 1979, gizani, ili mtu asimwone. Mara ya kwanza alikwenda nusu maili, yaani mita 800 hivi. Akawa anaongeza nusu maili kila wiki.

Tuikokotoe hesabu hiyo, maana ndani yake mna siri ya kazi nzima. Kabla ya safari, Fox alikuwa amefikia kukimbia maili 23 kwa siku, sawa na kilomita 37. Kutoka nusu maili hadi maili 23 ni nyongeza 45, na kwa nyongeza moja kila wiki zinahitajika wiki 45. Kati ya Februari 1979 na Aprili 1980 kuna wiki kama 60. Zinabaki wiki 15 za kuuguza majeraha, kurekebisha mguu bandia, na kukaa kwenye masafa marefu mpaka mwili uyaone kuwa ya kawaida. Kipindi kimoja alifanya mazoezi siku 101 mfululizo. Inasemwa alipumzika Krismasi tu, kwa kuwa mama yake alimwomba. Kwa jumla alikimbia zaidi ya kilomita 5,000 kabla ya siku ya kwanza ya mbio zenyewe.

Kwa nini nyongeza iwe ndogo kiasi hicho? Kwa sababu viungo vya mwili havizoei mazoezi kwa kasi moja. Moyo na mapafu huitikia ndani ya wiki chache, na misuli haichelewi sana. Mifupa na kano ndivyo vyenye kuchelewa. Mfupa unaopokea mzigo mpya hulika kwanza, ndipo hujengwa upya ukiwa imara zaidi, na ukarabati huo huchukua miezi. Mtu aliyejiandikisha mbio wiki sita kabla hujisikia ana pumzi za kutosha, akaongeza masafa kwa furaha, halafu muundi ukamgomea. Makocha wazuri wa huku kwetu wanalijua jambo hili na hulirudia kila msimu. Wasiolijua ni wale wanaoanza kukimbia siku wanayokabidhiwa fulana.

Kwa Fox tatizo lilikuwa kubwa zaidi kwa sababu ya ufundi wa mguu wenyewe. Miguu bandia ya wakati ule ilitengenezwa kwa kutembea. Goti lake lilikuwa na springi, na kila alipoukanyaga mguu ule na kuuinua, springi ilihitaji muda kuirudisha sehemu ya chini mbele tayari kwa hatua inayofuata. Muda huo ulizidi muda wa hatua moja ya mkimbiaji. Akaliziba pengo kwa kuruka: anatua kwa mguu wa kushoto, anaruka tena kwa kushoto huohuo, ndipo wa kulia unafika. Ukitazama filamu za mbio zake utauona mwendo huo tangu mwanzo hadi mwisho, mapigo mawili ya haraka ya kiatu cha kushoto, kisha pigo moja zito la mguu bandia.

Maana yake ni kwamba katika kila mara tatu alizotua kwenye lami, mbili zilibebwa na mguu mmoja. Mkimbiaji anapotua, mguu hupokea mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake. Kwa hiyo kila kilomita aliyoongeza Fox ilikuwa nyongeza kubwa zaidi kwa mguu wake wa kushoto kuliko ambavyo ingekuwa kwangu au kwako. Nusu maili kwa wiki, ambayo mtu mwenye miguu miwili angeiona ni uoga, kwake ilikuwa makali ya kisu. Upande wa kulia ngozi ndiyo iliyoteseka. Kigutu kilisuguana na mguu bandia kikachubuka, kikatoa damu, na baadaye kikaota vivimbe. Yeye mwenyewe aligundua kwamba dakika 20 hivi za mwanzo ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote, na akizivuka maumivu yanapungua. Kwa hiyo alikuwa akijua mapema maumivu ya kila siku yana umbo gani, na hakushtuliwa nayo barabarani.

Mwishoni mwa kiangazi cha 1979 alishiriki mbio za Prince George, jimboni kwao British Columbia. Alimaliza wa mwisho, kama dakika kumi nyuma ya aliyemtangulia. Kimazoezi hilo lilikuwa jaribio lililofaulu: masafa marefu, mbele ya watu, na mguu ukavumilia. Ni baada ya hapo tu ndipo aliporudi nyumbani na kuiambia familia mpango wake kamili. Mpaka wakati huo walidhani anajiandaa kwa marathoni ya Vancouver.

Upande wa fedha ulipangwa kwa umakini uleule, na hapa naomba waandaaji wetu wa mbio za hisani wasome polepole. Oktoba 1979 Fox aliiandikia Canadian Cancer Society barua ya kuomba iunge mkono mbio zake. Shirika lilikuwa na mashaka, likampa masharti mawili: atafute wadhamini mwenyewe, na alete cheti cha daktari wa moyo. Masharti yote mawili yalikuwa ya haki. Uchunguzi ulionyesha moyo wake umetanuka, hali inayoonekana mara nyingi kwa wanamichezo. Madaktari walimweleza hatari, naye akaahidi kwamba akiona dalili za moyo atasimama.

Udhamini aliupata kwa vitu zaidi kuliko kwa fedha taslimu. Ford walitoa gari la kulala, Imperial Oil mafuta, Adidas viatu. Kampuni iliyotaka atangaze bidhaa zake aliikataa, na mchango wenye masharti hakuupokea. Faida ya mpangilio huu ni ya kihesabu kabla ya kuwa ya kimaadili. Gharama za safari zikishabebwa na wadhamini, dola ya mtu wa barabarani haina haja ya kununua petroli. Inaweza kwenda moja kwa moja kwenye utafiti, na aliyeitoa anaweza kuambiwa hivyo waziwazi. Mchangiaji wa Dar es Salaam anayeona jukwaa, maturubai na muziki ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha ada yake kinamfikia mgonjwa, na mwandaaji aliyetenganisha mifuko miwili tangu mwanzo atamjibu bila kubabaika.

Lengo nalo lilibadilika. Alianza akifikiria dola milioni moja, akapanda hadi milioni kumi, akaishia kwenye dola moja kwa kila Mkanada, wakati nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 24. Lengo la namna hiyo lina nguvu ambayo milioni kumi haina, kwa kuwa kila mtu anajua fungu lake ni lipi. Port aux Basques, mji wa Newfoundland wenye watu kama 10,000, ulimkabidhi zaidi ya dola 10,000. Mji mzima ulikuwa umetimiza fungu lake.

Mbio zilianza tarehe 12 Aprili 1980 mjini St. John's, alipouchovya mguu bandia katika Atlantiki. Siku za mwanzo zilikuwa za upepo mkali, mvua na theluji. Rafiki yake Doug Alward aliendesha gari, akitangulia kidogo na kumsubiri, na Fox alianza kukimbia kabla ya mapambazuko. Kukimbia kituo kwa kituo namna hiyo kuliigawa marathoni ya kila siku katika vipande ambavyo akili inaweza kuvimeza.

Kisha kuna tofauti kati ya Quebec na Ontario, ambayo naiona ni funzo kubwa la kiufundi kuliko yote yaliyotokea njiani. Quebec, jimbo la wasema Kifaransa, madereva wengi hawakujua kijana huyu ni nani. Walimbana nje ya barabara mara kwa mara. Alipofika Montreal alikuwa ameshakata theluthi moja ya safari, na makusanyo yalikuwa dola 200,000 hivi. Ontario, Bill Vigars wa Canadian Cancer Society alitangulia kuandaa mapokezi, na Isadore Sharp, mwenye hoteli za Four Seasons ambaye saratani ilimuua mwanawe, aliahidi dola mbili kwa kila maili na kuzitaka kampuni nyingine 999 zifanye hivyo. Tarehe 11 Julai watu 10,000 walimpokea Toronto, na siku hiyo pekee zilikusanywa zaidi ya dola 100,000. Miguu ilikuwa ileile na masafa yaleyale. Kilichobadilika ni kazi iliyofanywa siku kadhaa kabla mkimbiaji hajafika.

Kuna jambo moja ambalo nisingemshauri mtu yeyote aliige. Fox hakutaka kupumzika, hata siku alipotimiza miaka 22. Alikataa uchunguzi wa mara kwa mara wa afya. Kifundo cha mguu kilipomuuma, akihofia mfupa umepata ufa, alikimbia siku tatu zaidi kabla ya kwenda kwa daktari. Ikawa ni uvimbe wa kano. Mtu aliyejenga mwili wake kwa subira ya miezi 14 aliiacha subira hiyo barabarani, na nadhani mpango wake ulihitaji mtu mwenye mamlaka ya kumwambia leo hukimbii. Saratani iliyokuja kumrudia mapafuni haikuletwa na mbio. Saratani ya mfupa ya aina aliyokuwa nayo mara nyingi huenda huko. Lakini uchunguzi ungeweza kuiona mapema.

Alisimama tarehe 1 Septemba 1980 karibu na Thunder Bay, kifua kikimuuma, baada ya kilomita 5,373. Fedha zilikuwa dola milioni 1.7. Wiki moja baadaye televisheni ya CTV iliendesha harambee ya saa tano ikakusanya milioni 10.5, na kufikia Februari 1981 jumla ilikuwa milioni 24.17. Dola moja kwa kila Mkanada ilitimia akiwa hai. Alifariki tarehe 28 Juni mwaka huo.

Tarehe 13 Septemba 1981 zilifanyika mbio za kwanza za kumkumbuka, na kukataa kwake kutangaza bidhaa kukapelekwa mbali zaidi humo: hakuna udhamini wa kampuni kabisa, wala hakuna ushindani. Walijitokeza watu 300,000, wakachangia dola milioni 3.5.