Mwalimu wa Mbio na Moyo Wake

Mtu aandikaye juu ya siha hujifunga kwa ahadi ambayo mtunzi wa hadithi hajifungi. Mtunzi wa hadithi akikosea, msomaji hupoteza saa chache. Mwandishi wa siha akikosea, msomaji aweza kupoteza uhai. Kwa sababu hiyo yafaa tumpime kwa mizani mbili, uzuri wa maneno yake na ukweli wa mashauri yake. Insha hii yampima James Fixx wa Marekani, na mahali pa kumpimia ni nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako mbio si jambo geni wala kazi ya mwili si mchezo.

Fixx alizaliwa New York mwaka 1932. Baba yake alikuwa mhariri, na mwana naye akaishika kazi hiyo, akahudumu katika majarida ya McCall's na Horizon. Uhariri ni kazi ya kiti na meza. Alipotimiza miaka 35 alikuwa na uzito wa kilo 97 hivi, na kwa siku alivuta pakiti mbili za sigara. Mwaka 1967 akaanza kukimbia. Miaka kumi baadaye alikuwa ameacha sigara na kupungua kilo 27 hivi. Na mwaka 1977 akatoa kitabu chake, The Complete Book of Running, kilichouzwa zaidi ya nakala milioni moja. Jalada lake jekundu lilikuwa na picha ya miguu yake mwenyewe.

Sifa ya kitabu hiki ni unyofu. Mwandishi wake hakusema kama bingwa aliyesimama juu ya jukwaa, bali kama mtu mnene aliyechoka na kiti chake akaiona njia iliyokuwa mlangoni pake. Mhariri aliyezoea kukata maneno ya wengine alijua kukata na yake pia. Watu wasiotumaini nishani yoyote walimsoma wakavaa viatu, na jambo hilo si dogo.

Lakini Kericho haikungoja kitabu. Miaka mitatu kabla Fixx hajaanza kukimbia, Wilson Kiprugut wa Kericho alishika nafasi ya tatu katika mita 800 huko Tokyo, mwaka 1964, akaipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki. Mwaka 1968, huko Mexico, alipata ya fedha. Na mwaka 2024 Beatrice Chebet, mzaliwa wa Londiani, alitwaa dhahabu mbili Paris, katika mita 5,000 na mita 10,000. Tena yuko mchuma chai, ainamaye tangu asubuhi akichuma majani mawili na chipukizi, na kapu mgongoni. Huyu hahitaji kuambiwa aondoke kitini. Ahitaji pumziko, chakula cha kutosha, na mganga wa karibu. Basi kitabu kilichojiita kamili kilikuwa kamili kwa watu wa namna moja tu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Tarehe 20 Julai 1984, Fixx alianguka katika mbio zake za kila siku huko Hardwick, Vermont, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 52. Madaktari walipoupasua mwili wake waliona kwamba mishipa ya moyo ilikuwa imezibana vibaya. Baba yake naye alishikwa na moyo akiwa na miaka 35, akafa akiwa na 43. Daktari Kenneth Cooper, aliyetunga kitabu cha Aerobics mwaka 1968, alieleza baadaye kwamba Fixx alipewa nafasi ya kupimwa moyo miezi michache kabla ya kifo chake, akakataa.

Wenye dhihaka walisema mganga hajigangi, wakafurahi kurudi vitini mwao. Hukumu yao haina haki. Ikiwa wembamba wa mtu mmoja haukuthibitisha kwamba mbio hukinga kila maradhi, kifo cha mtu huyo huyo hakiwezi kuthibitisha kwamba mbio huua. Wala rafiki zake wasituambie kwamba mbio zilimwongezea miaka tisa juu ya umri wa baba yake, maana hilo nalo ni kujenga nyumba juu ya nguzo moja. Maisha ya mtu mmoja ni mfano, si ushahidi. Kosa la Fixx halikuwa kukimbia. Aliutazama mwili wake kwa nje, miguu ile ya jaladani, akaona inatosha.

Katika Bomet iko hospitali ya Tenwek, iliyoanza mwaka 1937, ambako siku hizi moyo hupasuliwa na kutengenezwa. Miongoni mwa wagonjwa wake wamo vijana ambao vilango vya mioyo yao viliharibiwa na homa itokanayo na maumivu ya koo yasiyotibiwa vema utotoni. Hakuna mbio zinazozuia maradhi hayo; dawa ya koo iliyotolewa kwa wakati huyazuia. Nasi tulio katika nchi ya wakimbiaji tumo katika hatari ya kuamini, kama Fixx, kwamba aendaye mbio hawezi kuwa mgonjwa.

Msomaji kijana, ukishika kitabu cha siha, kiulize mambo matatu. Chasema na nani? Ushahidi wake ni wa watu wangapi? Na je, chakuambia wakati wa kukifunga na kwenda kwa daktari? Kitabu cha Fixx chajibu swali la kwanza kwa uzuri, la pili kwa udhaifu, na la tatu mwandishi alilijibu kwa uhai wake. Kisomeni, mkimbie, lakini pimweni.