Vazi la Mfalme: Utawala wa Louis XIV katika Tamthilia Mbili za Televisheni

Tamthilia ya kihistoria aghalabu huhukumiwa kwa kigezo kimoja: je, yaliyomo yalitukia kweli? Kigezo hiki kina manufaa, lakini hakitoshelezi. Mtunzi aweza kuipata sawasawa kila tarehe na kila kifungo cha koti, na bado asielewe jinsi dola ilivyoendeshwa. Makala haya yanalinganisha tamthilia mbili zinazomhusu Louis XIV wa Ufaransa (1638–1715) kwa kuzingatia swali gumu zaidi: kila mojawapo inayaweka wapi mamlaka ya mfalme?

Ya kwanza ni La Prise de pouvoir par Louis XIV, iliyoongozwa na Mwitalia Roberto Rossellini kwa ajili ya televisheni ya Ufaransa mwaka 1966. Inaanza na kifo cha Kadinali Mazarin, Machi 1661, na kuendelea hadi baada ya kukamatwa kwa Fouquet, msimamizi wa fedha, Septemba mwaka huo huo. Usuli wake ni maasi ya Fronde (1648–1653), yaliyomfanya mfalme, angali mtoto, atoroshwe kutoka Paris usiku. Louis wa Rossellini hawapigi makabaila vita, anawavisha. Anaamua kwa makini lesi, utepe na manyoya watakayovaa, akijua kwamba anayejifilisi kwa mavazi hatakuwa na budi kuja kuomba ruzuku.

Fani inaitumikia dhamira hii vizuri. Jean-Marie Patte, ambaye hakuwa mwigizaji wa kazi, alishindwa kuyakariri maneno, akawa anayasoma kwenye vibao vilivyowekwa kando ya kamera. Kwa hiyo macho yake hayakutani na ya anayezungumza naye. Udhaifu wa mwigizaji umegeuka kuwa sifa ya mhusika: huyu ni mtu anayejifunza kuigiza ufalme. Katika onyesho la mwisho, akiwa peke yake, anavua upanga, wigi na koti, na anayebaki ni mtu mfupi mwenye kitabu mkononi.

Ya pili ni Versailles, iliyobuniwa na Simon Mirren na David Wolstencroft na kuonyeshwa kuanzia 2015 hadi 2018 katika misimu mitatu yenye jumla ya sehemu 30. Wako waliolalamika kwamba Wafaransa wake wanazungumza Kiingereza. Lalamiko hili halina uzito, kwani lugha ya jukwaani daima ni makubaliano baina ya mtunzi na hadhira. Kasoro iko kwingine. Katika Versailles siri ya utawala hutafutwa chumbani mwa kulala, katika sumu, na katika mikono ya Fabien Marchal, mkuu wa usalama ambaye ni mhusika wa kubuni. Njama zinapozidi, taasisi hutoweka. Hata hivyo, uhusiano wa mfalme na nduguye Philippe umechorwa kwa ustadi. Historia nayo inauunga mkono: Philippe alishinda vita vya Cassel mwaka 1677, na baada ya hapo hakukabidhiwa tena jeshi. Hapo wivu wa ndugu unakuwa siasa, na tamthilia inapanda daraja.

Je, basi, Rossellini ndiye aliyesema kweli? Si kikamilifu. Hoja yake inakaribiana na ile ya Norbert Elias, ambaye kitabu chake kuhusu jamii ya ikulu kilitoka mwaka 1969: kwamba adabu za ikulu zilikuwa pingu za makabaila. Lakini William Beik, katika utafiti wake wa 1985 kuhusu jimbo la Languedoc, alionyesha kwamba wakubwa wa huko walishirikiana na mfalme na kugawana naye mapato ya kodi. Kwa mtazamo huu, pingu zile zilikuwa pia bangili. Makabaila hawakuhadaiwa kwa utepe, walipata faida.

Faida hiyo ilikuwa na mlipaji, naye ndiye kipimo cha mwisho cha tamthilia hizi. Makabaila kwa jumla walisamehewa kodi ya taille, ambayo mzigo wake uliwaelemea wakulima. Na njaa ya 1693–1694 iliangamiza zaidi ya watu milioni moja nchini Ufaransa. Rossellini anaanza na watu wa kawaida wakizungumza kando ya mto, na baadaye anatuingiza jikoni ambamo jasho la wengi linaandaa mlo wa mmoja. Watu hao hawapewi kauli zaidi ya hiyo, lakini angalau wanaonekana wakifanya kazi. Katika Versailles, kasri linang'aa kwa mishumaa isiyojulikana imewashwa na nani. Mtazamaji anayemhurumia kabaila aliyefungwa katika kizimba cha dhahabu hana budi kuuliza dhahabu hiyo ilitoka mfukoni mwa nani.