Kosa la Oedipus

Katika masomo mengi ya Uingereza na ya Marekani, mwalimu wa Kiingereza huwasomesha vijana «Oedipus Mfalme», mchezo wa msiba uliotungwa na Sophocles huko Athens katika karne ya 5 mbele ya Kristu. Huusoma katika tafsiri, si katika Kigiriki. Ni jambo jema. Lakini kisha kusoma, wengi huulizwa ulizo moja tu: Oedipus alikuwa na kilema gani cha tabia, hata akaanguka? Nao hujibu: kiburi, ao hasira. Mwalimu anaandika «vema», na kitabu kinafungwa.

Ulizo hilo limetoka wapi? Aristoteles alifundisha ya kuwa mtu wa msiba haanguki kwa ubaya wa moyo, bali kwa «hamartia». Neno hilo lilisemwa juu ya mrusha mkuki aliyekosa shabaha. Maana yake ni kosa, na zaidi kosa la mtu asiyejua. Lakini katika Agano Jipya neno hilohilo ni neno la zambi. Tena vijana hao huzoea kwanza Shakespeare, na kitabu cha A. C. Bradley cha mwaka 1904 kiliwazoeza walimu kutafuta chanzo cha maanguko katika tabia ya shujaa mwenyewe. Basi kosa likageuka kilema, na kilema kikageuka hatia.

Tuangalie mchezo wenyewe. Oedipus alimwua Laius penye njia panda, kisha akamwoa Jocasta, pasipo kujua ya kuwa ni baba yake na mama yake. Hayo yote yalikwisha kutendeka miaka mingi mbele ya mchezo kuanza. Hasira yake juu ya mwaguzi Teiresias na juu ya Creon inakuja nyuma. Jambo la leo linawezaje kuzaa jambo la jana? Mtu atasema: hata njiani alikasirika. Ni kweli; lakini walitaka kumwondosha njiani kwa nguvu, na mzee akampiga kichwani. Tena hasira haielezi kwa nini mzee yule alikuwa baba yake.

Mwaka 1966, E. R. Dodds, aliyekuwa mwalimu wa Kigiriki huko Oxford, aliandika juu ya majibu aliyoyasoma katika mtihani. Wamoja walisema Oedipus alistahili azabu. Wengine, ya kuwa ni sanamu tu inayovutwa kwa kamba na miungu. Wengine, ya kuwa Sophocles alitaka kupendeza watu tu. Dodds aliwakatalia wote, na alikuwa na haki. Miungu ilitabiri atakayotenda, lakini hakuna aliyemlazimisha kutafuta kweli. Jocasta alimsihi aache. Mchungaji mzee aliogopa kusema. Yeye akaendelea, sababu mji wa Thebes ulikuwa ukifa kwa tauni, na dawa ilikuwa kumjua mwuaji wa Laius. Ukubwa wake uko hapo: kilichofunua siri yake si uovu, ni bidii yake ya kuokoa watu wake.

Sophocles hakuacha jambo hili katika giza. Katika mchezo wake wa mwisho, uliochezwa mwaka 401 mbele ya Kristu, kisha kufa kwake, Oedipus kipofu na mzee anajitetea waziwazi: alitenda asipojua.

Wandugu, hili si neno la wenye elimu tu. Kijana aliyezoezwa kutafuta kilema cha kila anayeteswa atafanya vilevile mbele ya mgonjwa na mbele ya mjane: atauliza wamekosa nini. Aristoteles alisema ya kuwa tunamhurumia yule anayeteswa pasipo kustahili. Tukisema Oedipus alistahili, huruma inaondoka, na msiba wenyewe unaondoka nayo. Inabaki hukumu tu. Kwa hiyo mwalimu abadili ulizo lake. Awaulize vijana: Oedipus alijua nini, na saa gani? Kisha wasome tena toka mwanzo.